Ukishikishwa maiki: kutuliza woga na kusema ukasikika

Umeteuliwa kusoma risala mbele ya mgeni rasmi. Au ukoo umekupa kazi ya kutoa neno la shukrani kwenye sendofu, au umeambiwa usome wasifu wa marehemu kabla ya kwenda makaburini. Siku tatu kabla usingizi unakuwa wa mang'amung'amu, na asubuhi yenyewe tumbo linavuruga. Lazima atatokea mtu akwambie "jiamini tu". Ushauri huo ni mwepisi kuutoa na mgumu kuutumia, maana mwili haupokei amri ya kujiamini. Unachopokea ni pumzi, maji, namna ulivyosimama, na karatasi iliyoandikwa vizuri.

Jambo la kujua mapema ni kwamba woga haukai kiwango kimoja. Hupanda kuanzia jina lako linapotajwa, hufika kileleni kwenye sentensi za mwanzo, kisha kwa watu wengi huanza kushuka wenyewe baada ya dakika moja au mbili. Anayezama huzama mwanzoni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maandalizi ipelekwe kwenye dakika hiyo ya kwanza, na zinazobaki ziachiwe karatasi.

Kinachotokea mwilini

Ukiingiwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, vidole vinakuwa baridi, mikono inatetemeka, mate yanapungua na kuwa mazito, na pumzi inahamia juu kifuani na kuwa fupi. Kati ya hayo yote, pumzi fupi ndiyo mharibifu mkubwa. Sauti ni hewa itokayo mapafuni ikitikisa nyuzi za sauti kooni. Hewa ikiwa haba, sauti inakuwa nyembamba, inapanda, inatetemeka, na mwisho wa sentensi unamezwa. Aliyekaa safu ya nyuma anasikia "Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kukub…", basi.

Moyo huwezi kuuamuru, pumzi unaweza. Vuta hewa kwa pua ukihesabu moja mpaka nne, kisha itoe kwa midomo iliyobanwa, kama unapuliza chai ya moto, ukihesabu mpaka sita au nane. Rudia mara tano au sita. Kazi inafanywa na ile pumzi ya kutoka: moyo hupiga taratibu zaidi unapotoa hewa kuliko unapoivuta, ndiyo maana kutoa kunarefushwa. Weka kiganja kitovuni; tumbo ndilo litoke mbele, mabega yatulie.

Wengi hukosea hapo kwa kuvuta hewa nyingi haraka haraka wakidhani ndiyo kujituliza. Hilo huondoa kaboni dayoksaidi nyingi mno kwenye damu, na matokeo yake ni kizunguzungu na vidole kufa ganzi, kisha mtu anaamini anaanguka. Kosa la pili ni kuifanya kwa mara ya kwanza siku ya shughuli. Ifanye kitandani wiki nzima kabla, ili mwili uizoee ukiwa mtulivu. Siku yenyewe anza mambo mawili kabla ya zamu yako kwenye ratiba, ukiwa umekaa kitini, na hakuna atakayejua unafanya nini.

Mikono inayotetemeka haitulii kwa kuambiwa itulie. Ichoshe kidogo: chini ya meza, kutanisha viganja na uvisukume kwa nguvu sekunde 10, achia, rudia mara tatu. Na ujue kwamba karatasi moja ya A4 iliyoshikwa hewani humtangaza mwenye kuishika, inapepea kama bendera. Iweke kwenye faili gumu, au ilaze juu ya mimbari.

Mdomo mkavu dawa yake ni maji ya kawaida, mafundo madogo. Soda ina gesi, utacheulia kwenye maiki. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu humwongezea mbio mtu ambaye moyo wake tayari unakimbia. Kama umefunga, uma ulimi kidogo pembeni kwa meno ya nyuma, au sugua ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, mate yatakuja. Zile bia mbili za kutoa aibu hutoa pia kipimo cha muda: mtu anaongea dakika 15 akidhani ni tano, na ulimi mzito unasikika mpaka nje ya ukumbi. Wapo wanaotumia propranolol, ambayo hupunguza mbio za moyo na mtetemeko. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Usimeze ya kupewa na rafiki, hasa kama una pumu, kwa sababu inaweza kukubana kifua vibaya.

Karatasi

Risala husomwa, na kuisoma si udhaifu. Mgeni rasmi anatarajia kukabidhiwa nakala yake mwishoni. Wasifu wa marehemu nao usomwe neno kwa neno, maana ukikosea jina la mtoto mmojawapo au mwaka wa kuzaliwa, familia hukumbuka kosa hilo miaka mingi. Nasaha na shukrani ni kinyume: zikisomwa zinapoa. Hizo zitengenezee kikaratasi cha ukubwa wa kiganja chenye maneno matano au sita ya kukukumbusha, basi.

Urefu upime kwa dakika. Neno la Kiswahili hubeba mengi: "hatutawasahau" ni neno moja lenye silabi saba. Vile vipimo vya maneno 130 hadi 150 kwa dakika vinavyoonekana kwenye vitabu vya Kiingereza ukivileta kwetu utakuwa unakimbizana. Kwenye shughuli yenye maiki, maneno 90 hadi 110 kwa dakika yanasikika vizuri. Dakika tano basi ni kama maneno 500, na ukipewa tano andika za nne, kwa kuwa makofi, vigelegele na vituo vyako vitakula inayobaki.

Nakala yako ya kusomea iwe tofauti na ya kukabidhi. Yako ichapwe kwa herufi za saizi 16, nafasi kati ya mistari iwe mara moja na nusu au mbili, upande mmoja tu wa karatasi. Theluthi ya chini ya ukurasa iache tupu, la sivyo kadiri unavyoshuka ndivyo kichwa kinavyoinama na sauti inavyoingia shingoni. Sentensi isianzie ukurasa mmoja ikamalizikia mwingine. Weka namba kwenye kila ukurasa, na usizibane kwa pini: uliyomaliza kuisoma isogeze pembeni kimya kimya.

Mtu anayeishiwa pumzi mara nyingi ameishiwa kwa sababu ya mwandishi. Tazama sentensi hii, ambayo inafanana na zile zinazojaa kwenye risala za vikundi:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, kikundi chetu ambacho kilianzishwa mwaka 2014 kikiwa na wanachama 12 ambao wote walikuwa ni kinamama wa mtaa huu kimekuwa kikijishughulisha na shughuli mbalimbali za ujasiriamali zikiwemo ushonaji, ufugaji wa kuku na utengenezaji wa sabuni pamoja na kukopeshana mitaji midogo midogo."

Isome kwa sauti mara moja. Ukifika "ufugaji" hewa imekwisha, na ile "mitaji" ambayo ndiyo hoja inatoka kama mnong'ono. Sasa ivunje hivi:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, // kikundi chetu kilianza mwaka elfu mbili na kumi na nne. // Tulikuwa wanachama kumi na wawili, / wote kinamama wa mtaa huu. // Leo tunashona, / tunafuga kuku, / tunatengeneza sabuni. // Na tunakopeshana mitaji. //"

Mkwaju mmoja ni kituo kifupi. Mikwaju miwili maana yake funga mdomo, vuta hewa kwa pua, ndipo uendelee. Iandike kwa kalamu nyekundu. Namba nazo ziandike kwa maneno kwenye nakala yako, kwa kuwa jicho lenye hofu likikutana na 3,450,000 husimama kuhesabu sifuri, na ukumbi mzima unakusubiri. Andika "milioni tatu, laki nne na elfu hamsini", au useme "karibu milioni tatu na nusu" na kuiacha hesabu kamili kwenye nakala ya mgeni.

Yale maneno "Mheshimiwa mgeni rasmi" yanayochekwa kwamba yanarudiwa mno yana kazi yake. Unayajua kwa moyo, hayahitaji kusomwa, na unapoyatamka macho yanainuka na pumzi inaingia. Yaweke kila unapoanza jambo jipya: historia, mafanikio, changamoto, maombi. Mara nne au tano zinatosha. Ukiyaweka kila sentensi watu wanaanza kuhesabu.

Vipande vya maneno vyenye umbo linalofanana pia humsaidia msemaji na msikilizaji kwa pamoja. Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipowatangazia Watanzania kwamba nchi itapigana na majeshi ya Idi Amin, kilichobaki vichwani mwa watu mpaka leo ni uwezo, sababu na nia: vipande vitatu vifupi, vyenye mwisho wa aina moja, kila kimoja kikipewa nafasi ya kutua. Si lazima uwe na vita ya kutangaza ili uandike hivyo.

Mazoezi

Kusoma kimya kitandani si mazoezi. Simama, vaa viatu utakavyovaa, soma kwa sauti kamili. Mara tatu kwa siku kwa siku nne zinatosha kwa risala ya dakika tano. Kioo kiache: kinakufundisha kujitazama, na kujitazama ndiko kulikoleta shida. Bora umkalishe mtu mmoja upande wa pili wa uwanja, kazi yake iwe moja tu, kuinua mkono kila anapoacha kukusikia. Utagundua anauinua karibu kila mwisho wa sentensi.

Sababu ni hii. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kisha ile ya mwisho inashuka. Mwenye hofu huiachia ile ya mwisho ipotee kabisa, na kwa lugha yetu hilo ni hasara kubwa, maana "tutajenga", "tutajengewa" na "tutajengeana" hutofautiana huko huko mkiani. Shika kalamu katikati ya meno ya mbele, soma ukurasa mzima ukijilazimisha kueleweka, kisha itoe na usome tena. Midomo itakuwa imeamka. Vitanzandimi pia vinafaa, taratibu kwanza: wale wa Liwale wale wali wa Liwali. Anayechanganya r na l apigie mstari maneno ya hatari mapema. "Tumejitokeza kwa wingi kupiga kura" ikitoka na l, kikao hakitarudi kwenye hoja.

Jirekodi kwa simu mara mbili, halafu usikilize mambo matatu tu: kasi, mwisho wa sentensi, na vijazio. Kila mtu ana chake, yaani, kiukweli, eeh, kwa hiyo, naomba niseme kwamba. Kijazio hakiondolewi kwa kukumbuka kisitamkwe. Huondolewa kwa kufunga mdomo, kwa kweli midomo igusane, kila ukimaliza sentensi.

Sentensi nne za mwanzo ndizo pekee za kukariri. Zirudie ukiosha vyombo, ukiwa unasubiri daladala, ukipanda ngazi, mpaka zitoke bila wewe kufikiri. Kukariri risala nzima ni mtego, kwani ukipoteza neno moja katikati, yote yaliyofuata yanaondoka nalo.

Maiki

Fika nusu saa kabla, umtafute fundi mitambo, uombe ujaribu. Usiigonge wala kuipuliza. Sema sentensi yako ya kwanza kwa sauti utakayotumia, maana fundi anatengeneza sauti kwa kile anachokisikia. Muulize swichi iko wapi na taa ya rangi gani inaonyesha imewaka. Watu wengi wamewahi kusoma dakika nzima maiki ikiwa imezimwa.

Iweke umbali wa vidole vitatu au vinne kutoka mdomoni, chini kidogo ya midomo, ikielekea juu. Ukisema moja kwa moja ndani yake, p na b zitapasuka. Jaribu "papa, pepo, popo" uone. Shika mpini, usifunike kile kikapu cha waya. Maiki nyingi za kumbini zimetengenezwa zichukue sauti ya mbele na kupuuza ya nyuma. Kiganja kikizunguka kikapu kinaziba matundu yanayofanya kazi hiyo, maiki inaanza kunasa kila upande pamoja na sauti ya spika, spika inajisikia yenyewe, na ule mlio wa kutoboa masikio unaanza. Mlio huo ukitokea, toa kiganja na usogee nyuma ya usawa wa spika. Kuinyooshea maiki spika kwa mshangao, kama wengi wafanyavyo, huzidisha.

Sauti yako ikirudi kutoka kwenye spika itakushtua, hasa kwenye ukumbi wa vigae na bati ambamo mwangwi unachelewa. Usishindane nao. Maliza sentensi, ngoja ukuta umalize, endelea.

Dakika yenyewe

Jina limetajwa. Toa pumzi moja ndefu kabla ya kuinuka. Tembea kwa mwendo wa kwenda dukani, usikimbie. Ukifika, kwanza miguu: ifungue kwa upana wa mabega, uzito kwenye nyayo zote mbili. Pili, rekebisha stendi ya maiki kwa utulivu; ni kazi halali inayokupa sekunde tano za bure. Tatu, weka karatasi. Nne, inua macho, tazama nyuso mbili tatu, vuta hewa. Hapo ndipo useme.

Anza na salamu inayojibiwa. Asalaam aleykum, Bwana asifiwe, hamjambo, chochote kinachofaa kwa waliopo, kisha ngoja jibu. Faida yake ni kubwa kuliko adabu: kwa sekunde tatu wao ndio wanaozungumza na wewe unapumua, na chumba kilichokuwa kinakutazama tu kimekuitikia. Mbele ya watoto wa shule, "hadithi hadithi" inafanya kazi hiyo hiyo.

Itifaki ifuate kwa kuisoma, kuanzia mwenye cheo kikubwa, kutoka orodha uliyoihakiki kwa mshereheshaji asubuhi ile. Waheshimiwa hubadilika mpaka dakika za mwisho. Kama aliyekutangulia ameshawataja wote, sema "itifaki imezingatiwa" uendelee. Halafu sentensi zako nne ulizokariri. Usianze kwa "samahanini, mimi si mzungumzaji mzuri". Hakuna aliyekuwa amegundua, na sasa wote wanatafuta ushahidi.

Macho yainuke mwisho wa sentensi, kidole kikibaki kwenye mstari. Maliza sentensi moja ukitazama kushoto, nyingine katikati, nyingine nyuma kabisa. Mbele ya wazee ambao kwao kukaziana macho ni utovu wa adabu, tazama usawa wa kipaji cha uso. Kwa umbali huo hakuna anayeona tofauti.

Mambo yakiharibika

Ukipotelewa na neno, nyamaza, rudia sentensi uliyoimaliza, tazama mkwaju unaofuata. Kwako ni kama saa nzima, kwa wasikilizaji ni sekunde tatu za mtu anayefikiri. Jina ukilikosea, lisahihishe mara moja uendelee. Kuomba radhi mara tatu ndiko kunakoligeuza kuwa tukio. Makofi na vigelegele vingoje vianze kushuka, usisubiri vife kabisa. Mvua ikipiga bati, acha kusoma; hakuna sauti ya kuishinda. Umeme ukikatika, sogea mbele kwenye safu za kwanza, soma maombi na shukrani tu, polepole na kwa sauti ya tumboni.

Mshereheshaji akikuonyesha saa, usiongeze kasi. Uwe umeshaweka mabano ya penseli nyumbani kwenye aya mbili zinazoweza kurukwa, za katikati. Historia ya kikundi inaweza kurukwa. Maombi hayarukwi, kwa kuwa hayo ndiyo mgeni rasmi atakayoyajibu akisimama.

Msibani shida ni nyingine. Kilio kikikupanda, acha kusoma, inua macho juu, toa hewa taratibu, meza fundo la maji. Waombolezaji watasubiri. Lakini kabla ya kusimama, mkubaliane na ndugu mmoja ambaye hajaelemewa sana asimame hatua mbili nyuma yako akiwa na nakala yake, akifuata kwa kidole. Ukimpa ishara ya kichwa, anaendelea kuanzia neno lile lile. Mahali penye majina ya watoto na wajukuu ndipo wasomaji wengi hukatikia, basi hapo asogee karibu mapema.

Ukimaliza, sema "ahsanteni kwa kunisikiliza" na ubaki umesimama pumzi moja. Mkabidhi mgeni rasmi nakala kwa mkono wa kulia. Maiki mpe mshereheshaji mkononi, usiilaze mezani ikiwa imewaka, maana maneno ya kwanza utakayomnong'oneza jirani yako ukishakaa yatakwenda kwenye spika.